Kumbe njaa yangu inaamuliwa kichwani

Yaani miaka yote hiyo mi nilijua unene wangu ni uzembe tu. Niliwahi kujinyima nikapunguza kilo 14, nguo zote zikanipwaya, halafu kabla mwaka na nusu haujaisha zikarudi zote na nyingine juu. Njaa ya kipindi kile naikumbuka vizuri, saa nane usiku nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, tumbo halidai kitu maana jioni nilishiba, ila kichwa kinang'ang'ania chakula kama vile nina siku 3 sijala.

Kumbe ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna kasehemu kadogo kanaitwa haipothalamasi, hako ndiko kanakofuatilia akiba ya mwili. Mafuta ya mwilini yenyewe yanatoa homoni inaitwa leptini, Jeffrey Friedman na wenzake ndo waliigundua 1994 kule New York kwa kuchunguza panya wanene kupita kiasi. Ukipungua, leptini inashuka, ubongo unajua njaa kubwa imeingia, basi unakuongezea hamu ya kula na hapohapo unabana matumizi ya nguvu mwilini, yaani unabanwa huku na huku! Kuna watu 14 wa shindano moja la kupungua la TV Marekani, walipopimwa miaka 6 baadaye miili yao bado ilikuwa inaunguza kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa.

Ila kilichonitoa machozi ni habari ya mtoto mmoja wa kike, miaka 9, kilo 94, mwili wake hautengenezi leptini kabisa sababu ya kasoro ya jeni. Alikuwa na njaa muda wote. Madaktari wakaanza kumchoma leptini na ndani ya mwaka akapungua kilo 16. Hebu fikiria mtoto huyo alivyokuwa anaambiwa ni mlafi!

Wengi wetu leptini tunayo, tena nyingi, ila ubongo hauisikii vizuri, ndo maana kuchomwa nyingine hakusaidii. Mi daktari kanianzishia dawa inaitwa semaglutidi, inaiga homoni ya utumbo na kazi yake kubwa iko hukohuko kwenye ubongo. Wiki ya tano hivi nilinyanyuka kupokea simu katikati ya kula, nikaongea weee, kurudi nakuta sahani iko nusu na nilikuwa nimeshaisahau. Nikakaa pale nikalia.