Baba mkwe hatajwi jina, hata kwa wakala

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa hela hapa Tukuyu, na nusu ya kazi yangu ni kuuliza majina. Mteja akinipa namba nimuwekee mtu hela, kabla sijamalizia namuuliza mwenye namba anaitwa nani, maana ukikosea tarakimu moja tu hela imeenda kwa mtu baki na kurudisha muamala ni kesi nyingine. Sasa kuna dada mmoja, kila akija kumtumia baba mkwe wake nikiuliza jina anacheka anaangalia pembeni, nikimkazia ananigeuzia simu nisome mwenyewe, na humo kamsevu "Babu wa watoto". Basi nalisoma mimi lile lililokuja kwenye simu yangu, yeye anaitikia kwa kichwa, tunamaliza.

Hiyo ndo ingamwana ya Wanyakyusa, yaani mwiko wa mke wa mtoto kumkwepa baba mkwe wake. Zamani ilikuwa kali aisee, mke wa mtoto akikutana na baba mkwe njiani anaingia migombani anainama mpaka mzee apite, kupeana mkono hakuna, kukaa naye chumba kimoja hakuna, na jina lake hataji, na siyo jina tu, hata maneno ya kawaida yanayofanana nalo anayakwepa. Yaani kama jina la mzee linasikika kama amisi, ambayo ni maji, basi huyo mama atatafutia maji neno lingine maisha yake yote. Bibi yangu alikuwa na maneno yake ambayo sisi wajukuu tulidhani ni Kindali, lugha ya majirani zetu Wandali, kumbe alikuwa anamkwepa mkwe wake aliyefariki sisi hatujazaliwa!

Monica Wilson, yule mtafiti aliyekaa huku Rungwe na mumewe Godfrey miaka ya 1930, alikuta vijana wanajenga kijiji chao cha rika mbali na baba zao, na yeye aliona moja ya sababu ni hii hii, mkwe na mke wa mtoto wasigongane gongane.

Linganisha na marufuku za serikali. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, mifuko ya plastiki, yaani rambo, ikafuata tarehe 1 Juni 2019, ukikutwa nayo faini kuanzia elfu 30 mpaka laki 2 au siku 7 ndani, lakini nenda sokoni leo ununue nyanya uone zinavyofungwa. Marufuku mtu anaiheshimu akimuona afisa. Mwiko hauna afisa wala risiti na bado dada wa watu ameshindwa kutamka jina mbele yangu, mimi ambaye hata mkwe wake simjui. Haramu nayo ni habari nyingine, hiyo unamalizana na Mungu wako.

Ila msidhani miiko yote ni migumu hivyo. Ule wa mjamzito kutokula mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele, huku kwetu naona umejifia kimya kimya na mimi nailaumu chipsi mayai.

Ingamwana yenyewe inayumba zaidi mjini. Watu wamepanga chumba na sebule Uyole, mzee anashuka kutoka kijijini kuja kutibiwa, analala wapi kama siyo hapo sebuleni? Nimeona nyumba moja wanaishi hivyo, mama anapika anamtuma mtoto, "kamuulize babu kama ameshiba", na babu yuko hatua mbili tu anasikia kila kitu, anamjibu mtoto, "mwambie mama yako nimeshiba". Inachekesha lakini mi naona ina heshima yake, kila mtu anajua mipaka na hakuna wa kumzoea mwenzake vibaya.

Shida ikaja siku mzee kateleza bafuni mume yuko kazini. Yule mama hakuingia, alitoka mbio barabarani kuita bodaboda wa kijiweni waje wamnyanyue, mzee wa watu muda wote huo yuko chini kwenye sakafu ya baridi, na mnajua baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba. Hapo mimi siungi mkono, ningeingia nikamnyanyua halafu wazee wa ukoo waniite kikao wakitaka. Mke wangu yeye anasema nasema hivyo kwa sababu mimi ni mwanaume.

Nyie wa Makete na Njombe kwenu ikitokea hivyo mnafanyaje?