Kisogo

Fomu ya maonyesho ilikuwa na sehemu iliyoandikwa "Msukumo wa kazi", na chini yake mistari minne mitupu. Niliijaza yote kabla chungu chenyewe hakijakauka. Niliandika kwamba kazi yangu imetokana na vyungu vya mfinyanzi Magdalene Odundo, na kwamba ninatafuta uhusiano wa udongo na mwili wa binadamu. Kila neno nililiamini. Nilikuwa na miaka mitatu tu katika ufinyanzi, na picha moja ya chungu cha Odundo nilikuwa nimeitazama hadi ningeweza kuichora gizani.

Picha hiyo alinipa Mwalimu. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye vidole vifupi vyenye nguvu, na karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye meza mbili, rafu za kukaushia, na tanuri la gesi nje chini ya bati. Siku aliyoniletea picha ile hakusema mengi. Aliiweka mbele yangu, akaniambia nitazame kabla sijagusa udongo. Chungu kilikuwa cheusi tititi. Tumbo lake la duara, shingo ndefu iliyoinama kidogo, na mdomo mpana uliolala upande, kama mtu aliyeitwa jina akageuza uso kabla hajageuza mabega. Hakikupakwa rangi ya kioo, ule utando unaong'arisha chombo na kuzuia maji yasipenye. Mng'ao wote ule umetokana na kusuguliwa kwa mkono, na weusi wote ule ni kazi ya moto na moshi.

Nikaanza kumfuatilia Odundo kwa bidii. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kuendelea na masomo ya usanifu wa michoro, na huko ndiko udongo ulikomnasa. Miaka michache baadaye alisafiri hadi Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi ambacho Mwingereza Michael Cardew alikianzisha katika mji uliokuwa ukiitwa Abuja, ambao leo ni Suleja. Hapo alijifunza kwa wanawake wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali, yule ambaye picha yake akifinyanga imechapwa nyuma ya noti ya naira 20. Kwa mitungi yake mikubwa Kwali hakuhitaji gurudumu. Mtungi ulikaa palepale, yeye ndiye aliyeuzunguka, akirudi kinyumenyume huku akiongeza kamba za udongo na kuzivuta juu kwa mkono. Jambo hili lilinigusa sana, na mpaka leo naliona kubwa kuliko mengi yanayosemwa kuhusu sanaa hii. Gurudumu likikuzungushia chungu, wewe umekaa mahali pamoja na jicho ndilo linalopima. Ukikizunguka kwa miguu yako, mwili mzima unakipima.

Lilinigusa, lakini sikulifuata. Niliibandika picha ukutani, nikachukua rula, nikapima urefu wa shingo dhidi ya upana wa tumbo, nikazidisha, nikaandika vipimo kwenye karatasi. Kisha nikakaa kwenye kiti na kuanza kupanda na kamba zangu, kila baada ya kamba mbili nikisimama kulinganisha na picha. Wiki nzima ikaisha hivyo. Jioni ya mwisho niliweka mdomo, nikaufunika kwa plastiki, nikaenda nyumbani nimejaa furaha.

Asubuhi nilikuta shingo imelala. Haikuanguka kwa kishindo. Ilikuwa imeinama polepole usiku kucha mpaka mdomo ukagusa bega la chungu na kupasuka hapo ulipogusa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na ni kweli, lakini mfinyanzi analazimika kujua na upande wa pili: kuna udongo wa kungojewa. Tumbo lilipaswa kukaza kwanza ndipo libebe shingo. Mimi nilikuwa na haraka ya kuifikia picha.

Mwalimu aliingia, akasimama nyuma yangu kitambo.

"Shingo hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya Odundo, Mwalimu."

"Sikuulizi umeiona wapi, mwanangu. Nauliza ni ya nani. Odundo alipokuwa anaivuta ya kwake, hakuwa anatazama chungu cha Odundo."

Nilinyamaza. Aliketi, akavuta kile chungu kilichoharibika akawa anakibonyezabonyeza kukirudisha kuwa bonge, na huku mikono ikifanya hivyo alinisimulia habari ambayo sijaisahau. Mwaka 1946, London, kijana mkimbizi kutoka Ujerumani aitwaye Hans Coper aliingia kwenye karakana ya mfinyanzi Lucie Rie, mkimbizi kutoka Vienna, kutafuta kazi. Rie alikuwa akiendesha maisha kwa kutengeneza vifungo vya nguo vya udongo. Coper hakuwa na ujuzi wowote wa ufinyanzi. Miaka zaidi ya kumi walifanya kazi chini ya dari moja, wakichoma kwenye tanuri moja, wakipendana kama ndugu.

"Sasa katafute picha za vyombo vyao," akasema Mwalimu. "Vya Lucie ni vyembamba, vinafunguka juu kama ua. Vya Hans, hasa vile vya miaka yake ya mwisho, vimesimama wima kama visanamu vya kale vya visiwa vya Cyclades huko Ugiriki. Miaka yote ile walikuwa wanaonana kila siku. Mbona hawakufanana?"

Kisha akaenda ukutani, akabandua picha yangu, akaitia kwenye droo. Nilijisikia kama nimenyang'anywa chakula.

Baadaye nilielewa vizuri zaidi alichokuwa akisema, nilipoangalia kumbukumbu za maonyesho makubwa ya Odundo yaliyofanyika mwaka 2019 kwenye jumba la sanaa la Hepworth Wakefield huko Uingereza. Hakuweka vyungu vyake peke yake. Kando yake alipanga vitu alivyovichagua mwenyewe: vyombo vya kale vya Ugiriki na Misri, vitu vya ibada kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, hata mavazi ya Uingereza ya enzi za Elizabeth I. Ukivitazama vyote pamoja unaona shingo, kola, kiuno, mgongo, unaona mwili jinsi unavyobebwa na jinsi unavyovikwa. Lakini hukioni hata kimoja ambacho amekinakili. Vimepita ndani yake vikatoka vingine.

Nikaanza upya bila picha. Safari hii sikukaa. Niliweka kibao juu ya stuli, nikaegemeza tumbo la chungu ndani ya bakuli pana, nikawa nakizunguka. Siku mbili za kwanza nilisikia kizunguzungu na mgongo uliniuma. Siku ya tatu nikazoea. Mkono wa kushoto ndani, wa kulia nje, udongo katikati ukisogea kama nyama. Nilipofika kwenye mabega niliacha kikaze usiku mzima, na asubuhi nilikipima kama Mwalimu alivyotufundisha, kwa kuweka shavu: udongo wenye maji una ubaridi ambao udongo mkavu hauna. Ulikuwa na ubaridi bado, lakini umekaza. Nikaendelea juu.

Sikujua nafinyanga nini, na hilo lilinitia hofu kila siku. Shingo ilitoka fupi na nene. Upande mmoja nilijikuta nauacha umevimba kidogo. Nikausawazisha kwa kibao, na nilipozunguka tena mkono ukaurudisha. Mara tatu hivyo. Mwisho nikauacha.

Kisha ikaja kazi ya kusugua. Unapaka uji mwepesi wa udongo uleule, mlaini usio na punje, unangoja unyevu upungue, halafu unachukua kijiwe laini na kusugua sehemu ndogo ndogo kwa mizunguko midogo. Chembe za udongo ni bapa, na jiwe linazilaza zote zikatazama upande mmoja. Ndiyo maana uso unaanza kung'aa bila kupakwa kitu. Unasikia kwa masikio pia. Mwanzo jiwe linakwaruza, kisha linateleza kimya, kisha linatoa mlio mwembamba kama kidole kwenye ngozi iliyolowa. Ukiusikia mlio huo unasogea mbele. Chungu cha ukubwa wa kichwa cha mtu kilinichukua karibu siku nzima.

Kilikuwa kimelala mapajani mwangu juu ya taulo, nimekishika kwa mkono wa kushoto, nasugua kwa wa kulia. Nilifika pale palipovimba. Kidole gumba cha kushoto kikateremka chenyewe kutafuta mahali pa kushikia, kikaingia kwenye kibonde chini ya ule uvimbe, kikatulia hapo. Na hapo nikasimama.

Mwaka ule mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka, na kila Jumapili mimi ndiye niliyemnyoa kichwa. Alikaa kwenye kiti kifupi, taulo mabegani, akainamisha kichwa mbele. Kisogo chake kina uvimbe wa mfupa, na chini yake kibonde chembamba kati ya mishipa miwili inayoshuka shingoni, mahali ambapo wembe hauingii vizuri isipokuwa uikaze ngozi kwa kidole gumba. Kila Jumapili, miezi minane, kidole changu kilikaa pale. Sikuwahi kukifikiria kama kitu kizuri. Nilikuwa nafikiria nisimkate.

Niliweka jiwe chini. Nadhani nilikaa robo saa bila kufanya chochote, na Mwalimu alipita mara mbili bila kuniuliza.

Sikumwambia mtu. Nilimaliza kusugua, nikakikausha siku kumi, tukakichoma mara ya kwanza kwa moto wenye hewa ya kutosha. Mwalimu alilipandisha joto taratibu sana, hasa kulikaribia nyuzi 573, kwa sababu hapo chembe za kwatsi, madini magumu yaliyomo kwenye udongo, hubadilika na kutanuka ghafla, na chungu kilichoharakishwa hupasuka. Kilitoka kizima, chekundu kama tofali jipya. Wekundu ule ni chuma kilichomo ndani ya udongo kikikutana na oksijeni.

Mara ya pili tulikinyima hewa. Tulikiweka ndani ya kasha la udongo mgumu, tukakizungushia maranda ya mbao, tukafunika na kuziba ukingo. Maranda yakiungua bila hewa ya kutosha, moto unanyang'anya oksijeni hata iliyomo kwenye udongo, chuma kinageuka cheusi, na kaboni ya moshi inajipenyeza kwenye vitundu. Ni njia ya kale, ya watu wengi. Mfinyanzi Maria Martinez wa San Ildefonso huko New Mexico, Marekani, ambaye Odundo alikwenda kujifunza kwenye jamii yake ya Wapueblo, wenyeji wa asili wa huko, aliufunika moto wake kwa unga wa samadi kavu na kupata weusi ambao dunia nzima ilimjia kuutazama.

Tulifungua kesho yake, kasha likiwa na uvuguvugu bado. Niliondoa majivu kwa brashi. Chungu kilikuwa cheusi, cheusi kweli, isipokuwa mahali pamoja. Kuziba kwetu kulikuwa kumeacha ufa upande mmoja na hewa ilikuwa imeingia. Paliachwa doa jekundu la ukubwa wa kiganja, kingo zake zikiyeyukia kwenye weusi kupitia kahawia na zambarau. Lilikuwa upande wa nyuma. Lilianzia juu ya uvimbe likashuka mpaka kwenye kibonde.

"Hewa hiyo," akasema Mwalimu. "Si neno. Tunaweza kukirudisha. Ukichoma tena kwa hewa kinakuwa chekundu chote, halafu tunakitia weusi upya, tukiziba vizuri."

Nilimwambia nisingependa.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipomweleza. Nilimshika mkono, nikakiweka kidole chake gumba pale. Akakipitisha taratibu, chini, juu, chini. Hakusema kitu. Alienda kwenye droo, akatoa ile picha ya Odundo na kunirudishia.

Fomu nilikuwa bado sijaituma. Niliomba nyingine. Kwenye mistari ile minne niliandika "Kisogo cha baba", mingine nikaiacha mitupu. Mwandaaji alinipigia simu kuuliza kama sikusahau kumalizia, kwa kuwa wenzangu wote walikuwa wamejaza. Nikamwambia sikusahau.

Jumapili iliyofuata nilikibeba chungu nyumbani kwa baba, kimeviringishwa kwenye taulo lilelile la kunyolea. Nilimwekea mapajani kwa sababu sikutaka akishike peke yake na mikono ile. Akakitazama muda mrefu, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Kinashika maji?"

"Hapana, baba. Kitavuja polepole. Hakina rangi ya kioo."

"Sasa cha nini?"

Sikuwa na jibu ambalo lingemtosha. Nililowesha kitambaa, nikamsogezea kichwa mbele, nikaweka kidole gumba mahali pake na kuanza. Alikuwa amekikumbatia kile chungu kwa mikono miwili kisianguke, na mikono ilipotetemeka udongo ulitoa mlio mdogo kwenye kifungo cha shati lake. Nilitaka kukichukua nikiweke mezani. Akakataa. Akakaa nacho mapajani mpaka nilipomaliza kumnyoa.