Lami ya Baba

Nyumba ya wazazi wangu iko Pasua, upande wa chini wa mji wa Moshi, na ilikuwa na lami kutoka getini hadi barazani wakati mtaa mzima ukila vumbi. Baba aliimwaga miaka ya 80, akiwa bado anafanya kazi kwenye mitambo ya barabara. Alinunua mapipa mawili, akaita vijana aliofahamiana nao kazini, wakaichemsha kwa kuni pale pale uani, wakaimwagia juu ya mawe kwa madebe yaliyotobolewa matundu, wakatandaza kokoto, wakavuta rola kwa kamba. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka moshi, na bakora nilizokula kwa kuichezea lami na kaptula ya shule. Majirani waliosema Baba anajidai ndio hao hao waliokuja baadaye kumwomba Mama nafasi ya kuanika mahindi. Ukianika juu ya lami Januari, mahindi yanakauka hata hujamaliza kuyachambua.

Tuliing'oa Februari 2017. Baba alikuwa ameshafariki. Uamuzi ulipitishwa Krismasi, maana kwetu Uchagani jambo zito la nyumbani halijadiliwi kwa simu, linasubiri Desemba watu wote wapande. Mdogo wangu alikuwa ametoka Dar na gari lake jipya, akaingia getini, akafika karibu na ukuta wa choo, gari likasugua chini mpaka sote tukasikia tukiwa ndani. Akashuka, akainama kutazama, akasema, "Mama, hii lami hapana." Mama akamjibu kwamba lami haina neno, gari lake ndilo fupi.

Lakini ilikuwa imechoka kweli. Ile rangi nyeusi ilishapotea zamani, imekuwa kijivu, na ukipitisha kidole kokoto zinatoka zenyewe. Kingo zilikuwa zimemeguka pande zote mbili. Chini, pale karibu na choo, kwenye njia ya matairi, ilikuwa imejaa mipasuko midogo iliyoshikana mithili ya ngozi ya mamba. Mama alililaumu jua, na kila mgeni akamwitikia. Moshi ya chini ukitaka kupata watu wa kukubaliana na wewe, lilaumu jua la Januari.

Jua lina kesi yake, silitetei. Linakausha mafuta ya lami, lami inakakamaa, inapoteza ule ulaini wa kubonyea na kurudi. Mchana inaungua kiasi kwamba huwezi kuikanyaga pekupeku, usiku inapoa, na hapo ndipo nyufa zinapoanza. Ila ufa mwembamba peke yake hauwezi kumeza tairi. Hilo tuliliona baadaye, sururu ilipoingia.

Habari ya kwamba tunatengeneza njia ilizunguka haraka. Asubuhi moja akaja kijana mchangamfu, kofia ya plastiki kichwani, akasema kuna lami imebaki kwenye kazi yao barabarani, lori liko njiani, tukilipa nusu taslimu wanamwaga leo leo. Bei ilikuwa ya kutamanisha. Shemeji yangu alikwisha toa simu atafute hela. Mama alikuwa amekaa barazani anapepeta mchele, hakuinua hata kichwa.

"Mwanangu, rola iko wapi?"

Kijana akasema wana kompakta ya mkono, ile mashine ndogo ya kushindilia, inatosha. Mama akamuuliza lori limetoka saa ngapi kiwandani. Kijana akaanza kuzunguka. Mama akamwambia aende salama na awasalimie wenzake. Mjane wa fundi mitambo humwingizi mjini kirahisi. Alijua kwamba lami ya moto inatoka mtamboni ikiwa na nyuzi joto kama 150, na lazima ishindiliwe kabla haijashuka sana, la sivyo inabaki kokoto zilizopakwa rangi. Jua la Februari linakuongezea dakika kidogo, lakini haliwi rola.

Mkandarasi halisi tuliyempigia alikuwa muungwana, akasema ukweli: kwa kazi ya mita 35 kwa 3 hawezi kuwasha mtambo. Basi ikabaki zege au pevingi, yale matofali madogo ya zege ya kupanga chini.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee wa Kipare, kwao Same, mtu aliyekulia kwenye ukame. Akalikataa zege hata kabla hatujamaliza kuuliza. Alisema kiangazi hiki zege linamwagwa alfajiri, linafunikwa magunia, na magunia yanalowanishwa wiki nzima mchana na usiku. "Maji hayo mnayo?" Tukatazamana. Bomba letu kiangazi linatoa maji linapojisikia. Akaongeza kwamba likishapasuka, zege halishonwi, na lenyewe linataka kukatwa mistari kila baada ya mita kama tatu ili lipasuke pale unapotaka wewe. Pevingi zimeshakatwa tayari, ndivyo alivyosema, ikibonyea sehemu unainua, unasawazisha, unarudisha.

Mama akawa na pingamizi moja tu, nalo halikuwa la kitaalamu. "Mahindi yangu yataingia kwenye mianya." Mjadala huo ulichukua muda kuliko ule wa bei. Mwishowe dada akaahidi turubai.

Kazi ilianza kabla jua halijatoka, mlima ukiwa bado wazi bila wingu. Vibarua walipiga mpaka saa tano, wakalala chini ya mwembe, wakarudi saa tisa alasiri. Lami ya juu, upande wa getini, ilitoka mabamba mabamba. Nikaokota kipande. Juu kilikuwa kijivu kama mwamba uliokaa mtoni, lakini fundi alipokipasua kwa nyundo, ndani kilikuwa cheusi tii, kinang'aa, na kikatoa harufu ile ile ya mapipa na kuni. Jua lilikuwa limekula ngozi tu.

Chini ya mabamba yale tukayakuta mawe. Baba aliyapanga kwa mkono, yamesimama wima, bapa kwa bapa, na katikati yake yamepigiliwa vijiwe vidogo mpaka hakuna pa kuingiza ncha ya kisu. Kibarua akapiga mtaimbo, ukalia, ukarudi. Fundi akamzuia. Akachuchumaa, akayapapasa yale mawe, akaniita, "Mangi, njoo uone kazi ya watu." Akasema haya hang'oi, atajenga juu yake. Ilibidi mchomeleaji aje kukata geti chini, maana njia ingepanda sentimita kadhaa.

Upande wa choo mambo yalikuwa mengine. Mita za mwisho, tano au sita, hazikuwa na jiwe hata moja. Ilikuwa lami, moramu kidogo, ule udongo wa changarawe wa barabarani, halafu udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Na ulikuwa umelowa. Februari, Pasua, mvua haijaonekana tangu vuli, na udongo unashikana mkononi kama ugali! Fundi hakusema kitu, akanyoosha kidole juu. Bomba la mvua la bati linashukia pale pale, na sinki la uani nalo, ambalo linatumika kila siku, lilikuwa linamwaga maji nyuma ya ukuta ule ule. Ufa ulifungua mlango, maji yakaingia, na udongo ukakosa nguvu. Kisha akauliza gari la maji taka linasimama wapi likija kunyonya choo. Mama akaonyesha. Lilikuwa linasimama juu ya ngozi ya mamba yenyewe. Linaingia tupu, linatoka limebeba lita 10,000. Hizo ni tani 10, na gari lenyewe bado hujalihesabu.

Nikamuuliza Mama kwa nini Baba, mtu aliyepanga mawe namna ile, aliishia kati.

"Hapo ndipo hela ilipokatika," akasema. "Dada yako alikuwa anakwenda fomu wani."

Dada alikuwa amesimama na sahani ya ndizi za vibarua. Akaziweka mezani, akaenda jikoni kuchukua chumvi ambayo ilikuwa tayari ipo.

Tulichimba udongo ule mweusi karibu nusu mita, tukaujaza mawe na moramu kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa kompakta. Bomba la mvua likahamishiwa kwenye tangi, sinki likachimbiwa shimo lake mbali. Fundi alivuta uzi kutoka getini, akaipa njia mwinamo wa sentimita mbili kwa kila mita kuelekea mtaro wa pembeni.

Pevingi nusura zitucheleweshe. Kwa eneo letu zilihitajika 5,250, bila kuhesabu za kuvunjika, na fundi aliagiza zenye unene wa sentimita 8 kwa sababu ya lile gari, ingawa kwa magari madogo 6 zingetosha. Tripu ya kwanza ilipofika alichukua mbili akazigonganisha sikioni. Hazikulia. Akakwaruza moja kwa msumari, ikatoa unga. "Hizi zimefyatuliwa juzi," akamwambia dereva, "zirudishe zikanywe maji." Dereva akang'aka kwamba tofali ni tofali. Zikarudi. Sijui watu wangapi hapa mjini wanatandaziwa pevingi mbichi na kuja kulilaumu jua.

Zilipokuja zilizokomaa, kazi ilikwenda mbio: mchanga sentimita kama nne, pevingi kwa mpango wa zigizaga ili tairi lisizisukume, zege la kuzibana kingoni, mchanga mkavu ukafagiliwa kwenye mianya, kompakta ikapita mara ya mwisho.

Ile lami ya zamani tulikuwa tumeirundika nje ya ukuta, tukiwaza gari la kuitupa. Vijana wa bodaboda pale kona wakaomba. Wakaiponda kwa nyundo, wakaijaza kwenye mashimo ya mtaa. Matairi yakaikandamiza, jua likailainisha, na masika ilipoingia ilikuwa imeshikana vizuri kuliko kifusi chochote kilichowahi kuletwa pale. Mama aliwaambia watu wa jumuiya kwamba mume wake bado anatengeneza barabara.

Baada ya masika sehemu ya choo ilibonyea kidogo, safu mbili tatu. Fundi akaja, akang'oa pevingi hizo, akaongeza vumbi la kokoto, akazirudisha zile zile, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Mama akamlipa, akampa na makande. Tangu hapo akapiga marufuku gari la maji taka kuingia ndani: lisimame barabarani, livute mpira. Dereva anasema mpira haufiki. Mama anamwambia aunge mwingine, na kila likija wanaanza upya.