Fundi aliniambia natengeneza ubovu

Nilitaka kuunda kidude cha distosheni, yaani cha kuikwaruza sauti ya gitaa la umeme. Fundi wa redio niliyemwendea kwanza, pale Darajani, alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mwanangu, mie umri wangu wote naondoa mikwaruzo kwenye redio za watu. Wewe wataka uitie kwenye gitaa?"

Ndiyo, ami, hasa hicho ndicho nikitakacho.

Akacheka, akanipa ushauri wa bure: chukua sindano, toboa spika, utakwaruzwa mpaka uchoke. Nikamwona mjuzi, maana nilishasoma kwamba mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya The Kinks ya Uingereza, aliichana spika yake kwa wembe akapata sauti aliyoitaka. Nikatoboa. Spika yenyewe si yangu, ya kaka yangu. Ikawa inalia kama mfuko wa nailoni penye upepo, kila noti, hata akiweka taarabu yake ya usiku. Na spika ikishatobolewa hairudi. Kaka hajanisamehe mpaka leo.

Mie nilikuwa natafuta gitaa lilie kama zumari. Gitaa ukiligusa noti inachomoka halafu inakufa. Zumari inaishika noti moja, inaing'ang'ania mpaka mpigaji mwenyewe atake kuiacha. Distosheni ndiyo njia ya mkato: unakuza sauti kupita kiasi, kisha unavikata vilele vya mawimbi yake. Noti iliyo kali na inayokaribia kufa zinatoka sawasawa, sikio linadhani noti haimaliziki.

Kazi ya kukuza niliipa aisi ya 4558, kile kidude cheusi cha elektroniki chenye miguu 8, niliyoing'oa kwenye sabufa lililokufa. Usiidharau: hiyohiyo 4558 ndiyo iliyotumika kwenye Ibanez Tube Screamer, pedali ya distosheni ya kukanyaga kwa mguu, ambayo watu wanainunua kwa bei ya kiwanja. Kosa langu nilidhani inatosha kuipa volti 9 za betri. Gitaa likawa linakohoa, nusu ya sauti inapita na nusu inamezwa. Nikabadilisha aisi tatu, zote zima! Kumbe inataka kukalishwa katikati, kwenye volti 4.5, ili sauti ipate nafasi ya kupanda na kushuka. Rezista mbili za kilo-omu 10, moja juu moja chini, basi. Wiki nzima imepotea kwa rezista mbili.

Sasa ikalia. Sakiti yote iko wazi juu ya kipande cha boksi, waya zimetapakaa kama tambi. Nimeacha kupiga, nimekwenda kunywa maji, ampilifaya ikaanza kusema peke yake: "...maziko yatakuwa leo saa 10 alasiri... habari ziwafikie..." Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nyamazeni! Nani kafa?" Hakuna redio iliyowashwa nyumbani. "Ongeza sauti basi, wewe!" Nikaongeza, lakini kitufe nilichokishika ni cha distosheni, kwa hiyo kila nikizungusha mtangazaji anazidi kukoroma, na jina la marehemu ndilo hasa lililokatwa. Mama akavaa buibui, akapita nyumba tatu kuuliza nani kafiwa. Alirudi hana jibu, kanuna, akaniambia nikitoe hicho kidude chumbani.

Nilikuja kuelewa baadaye. Waya mrefu usiofunikwa ni antena, na aisi inayokuza kwa nguvu kiasi kile inaweza kulifumbua wimbi la redio lenyewe. Dawa niliyoitia: kapasita ya pikofaradi 100 pale sauti inapoingilia, kwenda kwenye waya wa ardhi wa sakiti, na sakiti yote ndani ya kopo la bati la biskuti, kopo nalo limefungwa kwenye waya huohuo. Kopo la plastiki halisaidii kitu, nilijaribu.

Ujanja ninaojivunia ni wa dayodi. Hizo ndizo zinazokata vilele, na kila aina ina sauti yake. Badala ya kulehemu na kubandua kila mara, nilitia konekta ya skrubu, ile ya mafundi umeme, nikawa nabadilisha kwa bisibisi huku nasikiliza. Dayodi za silikoni zinakata kwenye volti 0.6 hivi, zikatoa ukali wa kawaida. Za jermaniumu, nilizozitoa kwenye redio ya bibi (alinipa mwenyewe), zinakata mapema zaidi, sauti laini lakini ndogo. Taa nyekundu za ledi zinachelewa kukata, zinatoa sauti kubwa, na zinamemeta ukipiga kwa nguvu, watoto wakapenda. Lakini zumari ilitoka nilipotia silikoni moja upande mmoja na mbili upande wa pili. Vilele havikukatwa sawa, sauti ikaingia puani.

Nikaichukua barazani. Mzee mmoja jirani, aliyewahi kupiga zumari ujanani, akaniacha nikashika noti moja muda mrefu. Akauliza: "Na pumzi unavuta saa ngapi?"

Vyote vimenigharimu kama shilingi 15,000, au 20,000 ukihesabu aisi nilizozionea. Betri chomoa ukimaliza, la sivyo asubuhi huna kitu. Jeki, yaani tundu la kuchomekea waya wa gitaa, nunua mbili: mie nakaa karibu na pwani, ya kwanza imeshaota kijani kwa chumvi, na hii ya pili naiona inaanza.