Siku moja ya mpelelezi wa magereza: mkono uliovunjika na simu iliyochelewa kuandikwa

Nafanya upelelezi wa ndani katika magereza ya Kenya, cheo cha juu kidogo, ofisi ndogo kidogo. Watu wakisikia hivyo hudhani kazi yangu ni kuwafuatilia wafungwa. Wafungwa walishafuatiliwa, ndiyo maana wako ndani. Muda wangu mwingi huishia kwa watu wanaovaa sare kama yangu, kwa sababu kitu kikiingia gerezani kimepita mlangoni, na ufunguo wa mlango hauko kwa mfungwa. Gereza ninalolisimulia silitaji, na nimebadilisha mambo machache ili mtu asitambulike.

Saa 10:15 alfajiri

Tunatoka Nairobi gizani. Koplo anayeniendesha hapendi maswali asubuhi nami sipendi redio, kwa hivyo tunaelewana. Hatujapiga simu kokote. Mkuu wa gereza akijua usiku kwamba tunakuja, kufikia asubuhi vitabu vimekaa sawa, wadi imepigwa deki, na mfungwa niliyemfuata yuko shamba la mbali akipalilia mahindi.

Faili ni jembamba. Kuna barua ya mama mmoja iliyoandikwa kwa mkono, akisema mwanawe amevunjwa mkono na kwamba alipokwenda kumwona alizungushwa hadi saa za wageni zikaisha. Kuna nakala ya OB, kitabu cha matukio cha gereza, inayosema kijana aliteleza bafuni. Basi.

Saa 11:45 alfajiri

Gereza lina mageti mawili, na la ndani halifunguliwi kabla la nje halijafungwa. Hapo katikati ndipo unapoandika jina, namba ya kitambulisho na saa ya kuingia, kisha unaacha simu. Hata mimi naiacha. Askari wa zamu, kijana mdogo, alitazama kitambulisho changu, akatazama saa, akasema, "Madam, ngoja kidogo nimjulishe afande."

"Afande utamjulisha nikishaingia."

Alisita, na simlaumu. Novemba 2021 wafungwa watatu wa ugaidi walitoroka gereza la Kamiti, na wiki hiyohiyo Kamishna Jenerali akaondolewa kazini. Wale watatu walikamatwa Kitui siku chache baadaye, lakini somo lilibaki: askari wa getini anajua kosa lake linaweza kupanda hadi juu kabisa. Alinisainisha mara mbili, akafungua.

Saa 12:00 asubuhi

Milango inafunguliwa. Wafungwa wanatoka wadi kwa wadi na kuchuchumaa watano watano wahesabiwe. Hesabu isipotimia hakuna uji, hakuna kwenda kazini, na askari wa usiku hawaendi nyumbani. Nilimwona kijana wangu karibu na safu ya mwisho, mkono wa kushoto ndani ya plasta, ameegemea bega la mwenzake asianguke. Sikumwita. Ukimwita mtu mbele ya wadi nzima umeshamtangaza.

Saa 1:30

Vitabu. Hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Katika vitabu vya magereza watu huanguka sana. Huteleza bafuni, hujikwaa kwenye ngazi, huanguka kitandani hata pale ambapo hakuna vitanda. Kila nikisoma neno "alianguka" nakumbuka gereza la King'ong'o, Nyeri, Septemba 2000. Wafungwa sita waliohukumiwa kifo walikufa, na taarifa ya kwanza ilisema walianguka wakijaribu kuruka ua. Uchunguzi wa maiti ulionyesha walipigwa. Sisemi kila anayeanguka amepigwa. Kuna watu huteleza kweli, na bafu za magereza si za kujivunia. Nasema tu kwamba neno hilo lina historia katika idara yetu, na anayeliandika anapaswa kujua wengine watalisoma mara mbili.

OB ilisema kijana aliteleza saa 3:40 asubuhi, siku ya Jumanne. Nikafungua kitabu cha zahanati: amepokelewa saa 3:10. Yaani alitibiwa nusu saa kabla ya kuumia. Kwa dakika kadhaa nilijiona nina kesi.

Nikaenda zahanati. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma kwa karibu saa nzima. Tabibu huandika kwa kuitazama hiyo, kwa sababu simu ameiacha getini kama sisi sote. Ukiirekebisha, kijana alifika saa 4 na dakika zake, jinsi OB inavyotaka. Tundu likazibika. Niliyaandika yote hayo kwenye maelezo yangu vilevile, maana nisipoyaandika mimi, wakili wa mtu atakuja kuyaandika.

Tabibu alinitolea picha ya eksirei kutoka hospitali ya kaunti, akaiinua dirishani. Kati ya kiwiko na kiganja kuna mifupa miwili. Mtu akianguka na kutanguliza kiganja ajizuie, mara nyingi huvunjika karibu na kifundo, upande wa kidole gumba. Huyu amevunjika katikati, mfupa mmoja tu, ule wa upande wa kidole cha mwisho. Ndio mfupa unaotangulia mtu anapoinua mkono kukinga uso.

"Mimi naandika ninachokiona, madam," alisema, bila kunitazama. "Sikuwepo bafuni."

Ni kweli, na mfupa peke yake si ushahidi wa kutosha. Ukiangukia ukingo mgumu nao unaweza kuvunjika hivyo hivyo. Kwa hivyo nikaenda kuliona bafu. Sakafu tambarare, bomba moja juu, ukuta. Sikuona ukingo wowote.

Saa 3:00

Mkuu wa gereza, ambaye sasa alikuwa amefika na shati lake limepigwa pasi vizuri, alinipa chumba kilicho karibu na ofisi yake. Nilimshukuru nikaomba darasa wanalosomea watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, huko nyuma. Ubaoni kulikuwa na hesabu za logi ambazo nilishazisahau.

Mahojiano ya gerezani yana kanuni ambayo sikuipata darasani. Huwezi kumhoji mtu mmoja tu, unawahoji wote waliokuwa zamu ya kuoga asubuhi ile, na kila mmoja anakaa robo saa. Si kumi, si ishirini. Anayekaa dakika tano amekataa kusema, anayekaa dakika arobaini amesema, na wadi nzima inahesabu kutoka kwenye madirisha. Mwenye jambo nalikamilisha ndani ya robo saa. Asiye na jambo tunazungumza kuhusu timu ya Gor Mahia hadi muda uishe. Aliyeumia namweka katikati ya foleni, asiwe wa kwanza wala wa mwisho.

Wengi hawakuona. Mmoja alikuwa na sabuni machoni. Mwingine alikuwa amelala, saa tatu na nusu asubuhi, akiwa kwenye foleni ya kuoga. Mzee mmoja wa kifungo cha maisha aliketi, akakunja mikono, akaniambia kwa upole, "Madam, wewe jioni utalala Nairobi. Mimi nitalala hapa, na atakayefunga mlango ni askari huyohuyo." Sikuwa na la kumjibu. Tulimalizia dakika zake kwa habari za mvua na miche ya parachichi, ambayo anaijua kuliko bwana shamba. Wawili walisema kitu, na hicho kiko kwenye faili, hapa hakiingii.

Kijana mwenye plasta alikuja zamu yake ilipofika. Miaka ishirini na kitu, mwizi wa dukani, amebakiza miezi. Alisema walimkuta na simu, ile ndogo ya mulika mwizi, ndani ya soli ya patapata. Sajini wa wadi yao akamuuliza nani kaileta. Akanyamaza. Kilichofuata kilitokea bafuni kwa sababu huko hakuonekani.

Kisha akaanza kunieleza alichokuwa akikifanya na simu ile. Nikamsimamisha hapohapo.

Hili linawashangaza watu, mpelelezi kumkatiza anayetaka kukiri. Lakini Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi asiye chini ya cheo cha inspekta na ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena mwenye kukiri akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Mimi simo. Akiniambia, kortini halifai kitu, na huku ndani limeshamweka hatarini bure.

Utapeli wenyewe kila Mkenya anaujua. Ukipigiwa na mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, au ukiambiwa umetumiwa pesa kimakosa uzirudishe, utasikia watu wakicheka, "Hiyo ni Kamiti." Kicheko hicho husahau kitu kimoja. Aliye ndani ana sauti tu. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu wa nje, pesa hutolewa kwa wakala wa nje, na simu imebebwa na mtu aliyeweza kutoka nje na kurudi. Mfungwa ndiye rahisi kumpata katika mnyororo huo, ndiyo sababu wengi huishia kwake.

Saa 7:00

Ugali na sukuma kwenye mesi ya askari. Koplo na mimi tulikuwa na meza nzima peke yetu.

Saa 7:40

Stoo ya vielelezo. Kitabu kinasema simu ilipokewa Jumatano jioni. Ilipatikana Jumanne asubuhi. Siku moja na nusu ilikuwa wapi? Na laini haimo.

Karani alinifungulia bahasha. Niligeuza simu, nikatoa betri, na pale chini palikuwa na karatasi ya kiwandani yenye namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yenyewe, tarakimu 15. Watu wanaotoa laini ili kuficha nyayo mara nyingi husahau hilo. Mitambo ya kampuni za simu huona laini zilizowahi kukaa ndani ya simu yenye namba hiyo. Mimi sina mamlaka ya kuwaamuru watoe rekodi, hiyo ni kazi ya DCI, wapelelezi wa jinai wa polisi, wakiwa na amri ya korti. Kazi yangu ilikuwa kunakili tarakimu bila kukosea, kumfanya karani azisome kwa sauti, na sote wawili kutia sahihi.

Saa 8:15

Sajini alikuja na mwenzake wa kumsindikiza, haki yake. Nilimweleza anatuhumiwa nini na kwamba halazimiki kujibu. Ni mtu wa makamo, sauti ya chini, viatu vinang'aa. Tulipita chuo kimoja, Ruiru, ingawa miaka tofauti, na alitaja jina la mkufunzi ambaye sote tulimwogopa. Nilitabasamu, kwa sababu ni kweli tulimwogopa.

Alisema kijana aliteleza. Alisema simu ilichelewa kuandikwa kwa sababu ya kazi nyingi. Kuhusu laini, hajui, huenda haikuwemo. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile.

"Madam, wewe unaandika. Sisi tunafunga milango. Usiku niko na vijana wachache na wadi zimejaa hadi koridoni. Wakijua unaweza kuchezewa, hutafika asubuhi."

Hofu hiyo naijua, nimefunga milango hiyo miaka mingi kabla ya kupewa kalamu. Lakini hofu ya usiku haielezi bafu la saa tatu asubuhi, wala haielezi laini iliyopotea. Askari anayetaka kujua nani ameleta simu huiandika simu mara moja na kuikabidhi. Anayempiga aliyekutwa nayo kisha akaichelewesha siku nzima, labda anachotaka ni jina fulani lisitajwe. Labda. Neno hilo nililiandika hivyohivyo kwenye daftari langu.

Saa 10:00 jioni

Chakula cha jioni kimeshaliwa, hesabu imetimia, milango inafungwa hadi kesho saa kumi na mbili. Kufuli zikianza kugonga, unajua umebakiwa na muda mfupi wa kuamua jambo moja: kijana atalala wapi.

Desturi ni kumhamisha mlalamikaji kwenda gereza lingine. Inaitwa usalama wake. Nilimuuliza. Alisema akihamishwa mama hatafika, anauza mboga sokoni na nauli ya hapa tu humsumbua. Na huko aendako atafika na sifa ya mchongezi kabla hajaweka blanketi chini. Mimi naona hivi: tukimhamisha anayelalamika kila mara, tumewaambia wengine wote kwamba kulalamika kuna adhabu yake.

Nikaenda kwa mkuu wa gereza nikamwomba amtoe sajini kwenye wadi, ampe kazi za nje ya ukuta hadi uchunguzi uishe. Alilalamika kuhusu upungufu wa watu, na hakuwa anadanganya. Mwisho akasema sawa, kesho atapanga.

"Naomba iwe kwa maandishi, afande. Ianze zamu ya usiku huu."

"Madam, neno langu halitoshi?"

"Linatosha sana. Lakini faili haina masikio."

Karani wa chapa alikuwa ameshaondoka. Akaitwa kutoka nyumbani, akaja na ndala. Niliketi pale hadi barua ikatoka, ikatiwa sahihi na mhuri, nakala moja ikabandikwa ofisi ya zamu, saa 11:20, Koplo akipiga honi nje.

Saa 3:00 usiku

Nyumbani. Watoto wamelala, chakula kiko chini ya kawa. Naandika barua mbili. Ya kwanza inaenda DCI na ile namba ya IMEI, nikiomba pia kijana apewe P3, fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, ili daktari wa serikali ajaze hali ya mkono wake kirasmi. Ya pili ni ya sajini, kumtaka ajieleze kwa maandishi kwanza kabla hatua yoyote ya nidhamu, kwa sababu Ibara ya 47 ya Katiba, inayotaka hatua za kiutawala ziwe za haki, inamlinda naye pia. Hiyo ya pili nimeirudia mara mbili. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeshamhukumu.