Alama ya Ngao

Jumapili usiku nyumba nzima ilinuka pasi. Mliokulia kwenye pasi ya mkaa mnaijua harufu hiyo, pamba iliyonyunyiziwa maji inapokutana na chuma cha moto, ingawa hii yetu ya sasa ni ya umeme. Kitinda mimba wetu, binti mwenye visa vyake, ameitwa kwenye usaili duka la simu. Kidato cha nne kamaliza, matokeo bado, na kukaa nyumbani kumemshinda. Alikuwa ametandaza nguo kitandani kama muuza mitumba, na nusu yake mama yake alishazikataa. Akanigeukia mimi.

"Baba, wewe siku yako ya kwanza ulivaa nini?"

"Shati jeupe," nikasema.

Mama yake akanitazama. Yeye anaijua hadithi yote.

Ilikuwa Januari 2000. Mitihani tulikuwa tumeimaliza mwaka uliotangulia, mwaka aliofariki Mwalimu, na mimi nilikuwa Buguruni kwa Shangazi, nakula na kulala. Ijumaa jioni baba mdogo akaja na habari: kuna ofisi mjini inatafuta tarishi, niende Jumatatu saa mbili asubuhi, na nivae "kama mtu". Hakufafanua ni mtu yupi.

Suruali niliipata soko la mitumba la Karume, Jumamosi. Nyeusi, ya marinda, kiuno chake kingetutosha mimi na rafiki mmoja. Nililipa 2,000 baada ya kubishana hadi koo likakauka, na fundi wa kupunguza kiuno nilimkosa, kwa hiyo nikaikusanya kwa mkanda mpaka ikafanya fundo kubwa mgongoni. (Karume ilipoungua Januari 2022 niliiwaza kwanza suruali ile, Mungu anisamehe, ndipo nikawawaza wenye vibanda.) Viatu vilikuwa vya baba mdogo, vikubwa namba mbili, nikajazia gazeti kwenye vidole.

Shati ndilo lilikuwa kesi. Jirani alikuwa nalo zuri, la mikono mirefu, na alikuwa tayari kuniazima. Shangazi akakataa katakata. Nguo ya kuazima haisitiri matako, akasema. Nikamwonyesha viatu vya mdogo wake. Akajibu kwamba viatu si nguo. Mwisho akalitoa shati langu la shule, akachukua wembe, akaanza kufumua nembo kwenye mfuko, uzi mmoja mmoja, karibu na kibatari, akiwa amekunja uso kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto.

Nembo ikatoka. Chini yake kukabaki ngao nyingine. Miaka minne ya jasho, jua na maji ya kisima ilikuwa imelifanya shati zima liwe na rangi ya maziwa yaliyolala, isipokuwa pale palipofunikwa na nembo. Pale palikuwa peupe pe, na matundu ya sindano yamepazunguka pembeni. Mtu angeiona akiwa ng'ambo ya barabara.

Ndipo Shangazi akakumbuka chaki. Si ndivyo tulivyokuwa tukizifanya raba za michezo? Akatafuta kipande kwenye mikoba ya watoto, akausugua ule mfuko kuizunguka ngao, na kwa mwanga wa kibatari tukakubaliana kwamba haionekani. Akapiga pasi, ile ya mkaa yenye jogoo mbele, akalitundika shati msumarini, tukalala.

Safari ya daladala siielezi. Nilisimama kutoka Buguruni mpaka Posta ya Zamani nikiwa nimekandamiza bahasha ya kaki kifuani ili chaki isifutike kwenye migongo ya watu. Nikapandisha ngazi hadi ghorofa ya pili, viatu vikipiga kelele zake nyuma yangu nusu hatua. Vijana wengine walikuwa wanne. Mmoja alikuwa amevaa suti kamili, na nikajisemea basi, kazi imekwisha kupata mwenyewe.

Aliyetuhoji alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye mnyororo, nadhifu. Juu ya kichwa chake pangaboi lilizunguka polepole, likilalamika kila likifika upande wa dirisha. Nikaamkia, akaitikia, nikaketi na bahasha yangu kifuani. Akaniuliza kama naujua mji. Akaniuliza kama najua baiskeli. Nilijibu vizuri tu, nadhani, lakini macho yake hayakuwa usoni kwangu.

"Mbona umeikumbatia hiyo bahasha? Weka mezani, hakuna atakayekula."

Nikaiweka. Haraka haraka nikapeleka mkono mfukoni, kama mtu anayeapa, kuifunika ngao. Yeye wala hakuangalia shati. Aliangalia bahasha. Upande ule uliokuwa kifuani kwangu ulikuwa umepigwa chapa: mraba wa mfuko, mweupe, ukungu-ukungu, na katikati yake umbo la ngao, safi, rangi ya kaki yenyewe, bila chembe ya chaki. Mchoraji asingeipatia vile.

Akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya chapa ile, akakitazama kidole, akakisugua kwa gumba. Pangaboi likalalamika, likazunguka, likalalamika tena. Nilikuwa nahesabu. Jasho lilianzia kwenye lile fundo la suruali, likapanda mgongoni badala ya kushuka, sijui kwa njia gani.

"Chaki," akasema. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya nyumbani. "Kwenu kuna mwalimu?"

Ningeweza kusema hapana. Mama yangu alikuwa Kilosa, akiuza vitumbua kwa abiria wa treni pale stesheni. Kusoma alijifunzia ngumbaru, miaka ya 70, akiwa na mtoto mgongoni. Hayo yote niliyajua. Mdomo wangu ukasema:

"Ndiyo. Mama."

"Anafundisha wapi?"

"Kilosa."

Angalau Kilosa ilikuwa kweli.

"Hata mimi nimelelewa na mwalimu," akasema, akanirudishia bahasha akiishika kwa pembe, asije akaifuta ile chapa. "Anza Jumatano."

Nilikaa pale karibu miaka miwili. Kila nilipoomba ruhusa ya kwenda Kilosa, yule mama alinipa salamu za mwalimu. Krismasi ya kwanza alinipa na kifurushi nimpelekee: doti ya kanga na kalamu mbili nyekundu za kusahihishia. Mama aliipenda kanga. Kalamu alizigeuza-geuza, akaniuliza ni za nini, nikamwambia ni za kuandikia tu. Akazitumia kuandika madeni ya vitumbua. Daftari lile ninalo hadi leo. Wadaiwa wote wa Kilosa wamo humo kwa wino mwekundu, kama wanafunzi waliofeli.

Sikuwahi kumwambia ukweli yule bosi. Alistaafu, akahamia kwao, na mimi nikawa nimeshaondoka. Wakati mwingine nafikiri alijua toka mwanzo. Mtu aliyelelewa na mwalimu hakosi kuujua uongo wa mwanafunzi. Wakati mwingine nafikiri hakujua, na kwamba yule kijana wa suti alikosa kazi kwa sababu kwao hakukuwa na chaki. Hilo la pili linaniuma zaidi, hasa nikikumbuka alivyokuwa amejipanga.

Haya sikumsimulia binti yangu. Nilimwambia avae kitu kisafi ambacho hatahitaji kukishikilia. Akasema, "Baba nawe, una maneno," akaenda kulala.

Asubuhi alitoka chumbani na suruali nyeusi iliyomkaa sawasawa, blauzi ya bluu, na raba nyeupe. Mama yake akafungua kinywa kuhusu raba, nikamkonyeza aache. Zilikuwa nyeupe kupita kiasi, raba ambazo juzi tu nilizikuta uani zikiwa na tope.

"Umezisafisha na nini?"

"Dawa ya meno."

Akageuka kuchukua mkoba. Kwenye kisigino cha kushoto dawa ilikuwa imeganda, mstari mwembamba mweupe kando ya mshono. Nikamfungulia geti.