Siku yangu moja Bogotá: tini, shira na sufuria ya shaba

Saa 10 alfajiri. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, iko mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Tanga kama mimi baridi ya saa hizi bado inanitetemesha. Navaa sweta mbili, nachukua vikapu, tunatoka na mama mkwe kwenda soko la Paloquemao. Leo ni tarehe 16 Desemba. Usiku inaanza novena, sala za siku 9 za kuelekea Krismasi. Watu hukusanyika nyumba kwa nyumba, na katika nyumba nyingi za huku lazima mezani pawe na brevas con arequipe: tini zilizopikwa kwenye shira, zikajazwa maziwa yaliyokorogwa na sukari mpaka yakawa mazito, rangi ya kahawia. Mimi nazipika nyumbani kwa oda.

Sokoni natafuta tini mbichi, za kijani, ngumu, ambazo ukikata kikonyo zinatoa utomvu mweupe. Iliyoiva haifai, ikichemka inapasuka na kuwa uji. Muuzaji anamwita mama mkwe "sumercé", na mama naye anamjibu hivyo hivyo. Ni neno la heshima la watu wa mkoa wa Boyacá na wa Bogotá, na kinachonifurahisha ni kwamba linakwenda pande zote mbili: mama mwenyewe, mtu mzima wa miaka 74, ananiita mimi sumercé.

Halafu karafuu. Hapa wanaziita clavos, yaani misumari. Nafungua kifuko, nanusa, na niko kwenye shamba la babu Muheza, karafuu zimeanikwa juu ya majamvi. Kila Desemba inakuwa hivyo.

Saa 1 asubuhi. Aguapanela ya moto, ambayo ni sukari guru iliyochemshwa kwa maji, na kipande cha jibini ndani ya kikombe. Tunakunywa tumesimama.

Saa 2. Sasa kazi yenyewe. Watu wakila husifu arequipe, yale maziwa, lakini mimi nitasema siku zote kwamba jasho liko kwenye tini. Zipo 60. Kila moja ina vinyweleo vidogo kwenye ganda, na vyote lazima vitoke kwa brashi ngumu chini ya maji, la sivyo vitakwaruza ulimi. Utomvu unawasha vidole, kwa hiyo navaa glavu. Nikimaliza kusugua nakata alama ya msalaba upande wa chini, mbali na kikonyo, isifike katikati. Humo ndimo shira itapita. Tini moja naizungusha mkononi kama dakika nzima. Hakuna njia ya mkato hapa.

Saa 4. Zinaingia kwenye maji yanayochemka. Kwa kimo cha mji huu maji huchemka kwenye nyuzi 91 au 92 tu, kwa hiyo tini zinachukua muda mrefu kulainika. Maji yakishakuwa ya kijani kizito, nayamwaga.

Hapo ndipo wapishi tunapogawanyika. Wapo wanaoloweka tini usiku kucha na kumwaga maji mara tatu, mpaka uchungu wote uishe. Sisi tunamwaga mara moja. Ukiondoa uchungu wote unabaki na tamu juu ya tamu, na mtu anachoka kwa kijiko cha pili. Tini lazima ibakiwe na kitu cha kuyajibu maziwa. Mama mkwe alinifundisha hivyo kabla sijajua Kihispania cha kuuliza kwa nini.

Zinarudi motoni na maji mapya, vipande 3 vya panela, ile sukari guru, mdalasini na karafuu 8. Moto mdogo. Saa 7 zimeshakuwa nyeusi-nyeusi, zinang'aa, na shira inavutika. Hizi zitalala humo humo hadi kesho ziinywe shira. Nitakazojaza leo ni zile za jana.

Saa 8 mchana. Arequipe. Lita 4 za maziwa, kilo 1 ya sukari, kijiti cha mdalasini, chumvi kidogo na kijiko kimoja cha chai cha magadi soda. Magadi usiyaache. Maziwa yanavyopungua maji ndivyo ukali wake unavyokolea, na mwisho yanakatika. Magadi yanaupoza ukali huo, na ndiyo yanayosaidia rangi kuiva. Mwaka wangu wa pili niliyasahau, na baada ya saa moja sufuria nzima ilikuwa mapande. Watu 30 walikuwa wanasubiri oda. Tulikesha tukianza upya.

Sufuria ni ya shaba nyekundu, wanaiita paila, aliyoirithi mama kutoka kwa mama yake. Inasambaza moto sawasawa. Hata hivyo mwiko hauachwi. Saa nzima ya kwanza ni maziwa tu yanayofuka mvuke, unaweza kudhani hakuna kinachotokea. Kisha yanageuka rangi ya chai, mapovu yanakuwa mazito na kupasuka taratibu, na kuanzia hapo ukigeuka nyuma yameshika chini. Jirani yetu Tanga alikuwa mpika halua, na nilipokuwa mdogo nilimwona akikoroga hivi hivi, kwa mabega, si kwa kiganja. Mabega yangu yalikwishajua kabla sijafika huku.

Mama anakaa kwenye stuli, haongei. Ninapopitisha mwiko katikati na njia ikabaki wazi, shaba ikaonekana chini, halafu ikajifunga polepole, anasema neno moja: "Punto." Naepua hapo hapo. Yakipoa yatazidi kuwa mazito. Naiweka paila kwenye beseni la maji baridi na kuendelea kukoroga, sukari isifanye chengachenga. Zimebaki kama kilo 2.

Saa 12 jioni. Nachuja shira, nafungua tini za jana kwa kidole gumba, kijiko kimoja kila moja. Oda zinachukuliwa mlangoni.

Saa 2 usiku. Novena kwa jirani. Watoto wanatikisa manyanga na kuimba, sahani inazunguka. Mzee mmoja anaanza na maziwa, kimya. Anapofika kwenye tini anafumba macho, halafu anamgeukia mama mkwe.

"Maji mlimwaga mara ngapi?"

"Mara moja tu, sumercé."

Anasogeza sahani aongezewe.